Kipima pawasaplai cha skrini: kinatambua iliyokufa, hakitambui iliyochoka

Kompyuta ya mezani iliyokula miaka saba au minane ikianza kujizima na kujiwasha yenyewe, mshukiwa wa kwanza huwa pawasaplai, yaani boksi linalobadili umeme wa ukutani kuwa volti ndogo za kompyuta, na watu wengi hukimbilia kununua kifaa hiki: kiboksi cha kiganjani chenye skrini, soketi ya pini 24, na soketi ndogo za prosesa, kadi ya picha, na plagi za diski ziitwazo SATA na Molex. Kazi yake kinaifanya. Ila kazi hiyo siyo anayoihitaji mwenye kompyuta ya aina hii.

Kukitumia ni rahisi. Chomoa waya wa ukutani, kisha plagi zote za pawasaplai kwenye ubao mama, diski na kadi ya picha. Chomeka pini 24 kwenye kipima, kisha plagi ya prosesa, halafu rudisha umeme. Kipima chenyewe huunganisha waya wa kijani na mweusi ili pawasaplai iwake, kwa hiyo huhangaiki na kipande cha waya kwenye plagi. Hapo kinastahili sifa. Kuwa makini na plagi mbili za pini 8: ya prosesa na ya kadi ya picha zinafanana kwa mbali, lakini mpangilio wa nyaya za njano na nyeusi umegeuzwa. Usilazimishe.

Skrini inaonyesha volti za kila njia ya umeme inayotoka kwenye pawasaplai. Kiwango cha ATX, yaani kanuni za pawasaplai za kompyuta za mezani, kinaruhusu asilimia 5 juu au chini: njia ya 12 iwe kati ya 11.40 na 12.60, ya 5 kati ya 4.75 na 5.25, ya 3.3 kati ya 3.14 na 3.47. Njia ya hasi 12 huruhusiwa asilimia 10. Kasoro ya kwanza iko hapa: vipima vingi vya bei ya chini husoma hadi desimali moja tu. Ukiona 3.1, huenda ni 3.14 iliyo halali, au 3.07 iliyokwisha kuharibika.

Namba ya thamani kuliko zote ni PG (Power Good), yaani muda ambao pawasaplai huchukua kabla ya kuuambia ubao mama kuwa umeme umetulia. Unatakiwa kuwa kati ya milisekunde 100 na 500. Ishara hiyo hiyo ikikatika hata kwa kitambo kidogo kompyuta ikiwa kazini, ubao mama hujianzisha upya papo hapo, bila skrini ya bluu ya hitilafu ya Windows. Kipima kikionyesha PG nje ya mipaka, usiendelee kutafuta, badilisha pawasaplai.

Shida kubwa ni kwamba kipima hakivuti mzigo wa maana. Pawasaplai iliyozeeka huwa imekaukiwa na kapasita zake, vijenzi vinavyohifadhi na kutuliza umeme: ukinzani wa ndani umepanda, na umeme unaotoka una mawimbi. ATX inaruhusu mawimbi ya milivolti 120 kwenye njia ya 12, na 50 kwenye njia za 5 na 3.3. Kifaa hiki hakiyapimi kabisa. Matokeo yake, pawasaplai inayoanguka kila prosesa na kadi ya picha zinapofanya kazi kwa pamoja itasoma 12.1 kwa utulivu kamili mezani, na mnunuzi atakwenda kubadilisha RAM bure.

Kwa kompyuta inayojiwasha upya, multimita ya kawaida, kipima volti chenye ncha mbili, inasaidia zaidi. Kompyuta ikiwa imewaka na kifuniko kimefunguliwa, gusisha ncha za multimita kwenye waya wa njano na mweusi wa plagi ya Molex isiyotumika, weka multimita kwenye hali ya kukumbuka kiwango cha chini kabisa, kisha endesha programu ya kuibana prosesa na kadi ya picha kwa dakika 20. Njia ya 12 ikishuka chini ya 11.4, umempata mkosaji. Isiposhuka, bado hujathibitisha kuwa pawasaplai ni nzima, kwa sababu multimita haioni mshuko wa milisekunde chache. Kuijaribu kompyuta kwa pawasaplai nyingine iliyo nzima ndiko kunakomaliza ubishi.

Kabla ya hayo yote, zima kujiwasha upya kwa otomatiki baada ya hitilafu katika mipangilio ya Windows. Skrini ya bluu ikitokea, anza na RAM na madreva. Kukiwa na tukio la Kernel-Power 41 peke yake kwenye kumbukumbu za matukio za Windows (maana yake kompyuta ilizimika ghafla), lenye BugcheckCode 0, yaani bila msimbo wa hitilafu, umeme unabaki juu ya orodha.

Pawasaplai yenyewe usiifungue: kapasita kubwa ya ndani huweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomolewa.

Fundi anayepokea kompyuta zisizowaka kabisa akinunue. Kitamwokolea muda kila siku. Mwenye kompyuta moja inayojiwasha upya anunue multimita.