Siku tano na rula Mikocheni

Nimemaliza kozi fupi ya kuchambua majaribio ya presha ya visima vya mafuta na gesi, kwenye ofisi moja ya ghorofani Mikocheni, Dar es Salaam. Mwalimu ni mzee wa mitamboni. Siku ya kwanza hakugusa kompyuta kabisa. Alitugawia karatasi za grafu na rula, tukachora mchoro wa Horner, yaani grafu ya presha na muda, kwa mkono: kisima kimefungwa, presha inapanda, unatafuta mstari ulionyooka. Ukijua unene wa tabaka na data nyingine za kisima, mteremko wake unakupa upenyezaji wa mwamba, yaani urahisi wa mafuta au gesi kupita ndani yake. Mimi nikapitisha rula kwenye nukta za mwanzo kabisa. Mzee akacheka: "Kijana, hapo unapima bomba la kisima, mwamba bado haujasema." Ndipo nikaelewa kazi ya derivativu ya Bourdet ya 1983, yaani grafu ya mteremko wa presha kadiri muda unavyokwenda: inakuonyesha ni wapi mwamba umeanza kusema.

Sasa lawama. Programu ilikuwa na leseni 2, sisi tuko 11. Mifano karibu yote ya mafuta, wakati nchi hii tuna gesi, Songo Songo na Mnazi Bay. Gesi, ambayo mnato wake hubadilika na presha, ikapewa nusu saa ya Ijumaa, watu wanawaza foleni. Chapati za saa nne, safi. Nyota nne.