Nyota nne kwa waliotupangia shimo la mawe lisigeuke bwawa la ndege

Ukoo wetu unachimba mawe ya chokaa upande wa Kiomoni tangu enzi za babu, na miaka yote hiyo hakutokea mtu wa kutuuliza habari za ndege, hawa wenye manyoya. Tumezoea kuulizwa baruti, vumbi, na tipa zinazomwaga kokoto barabarani. Safari hii tunataka kupanua shimo, na kijana anayetuandalia makaratasi ya NEMC, baraza la mazingira, akatutahadharisha mapema: hapa mlipo ni jirani mno na uwanja wa ndege wa Tanga, shimo likikusanya maji litavuta ndege wenye manyoya nao watagongana na eropleni, tafuteni mtu awapangie suala hilo kabla hamjaulizwa. Tukatafuta, tukapata. Jina la kampuni nalihifadhi kwa sababu nina mawili matatu ya kuwasema, lakini huduma yenyewe nataka wenye machimbo wenzangu waijue.

Unacholipia ni mtu kuja kukaa shimoni kwako, ahesabu ndege, atazame wanatoka wapi, wanapita wapi na saa ngapi, kisha akuandikie mpango: uchimbe vipi, uliache vipi shimo ukimaliza, na nani atawajibika miaka yote ya katikati. Waliyetuletea ni mama wa makamo aliyewahi kufanya kazi hiyo Uingereza, kwenye machimbo ya kokoto yaliyo jirani na viwanja vya jeshi la anga. Wafanyakazi walimbatiza Mama Kunguru siku ile ile, naye akaitika.

Kule, anasema, mtu hafungui machimbo karibu na uwanja wa jeshi hivi hivi. Mamlaka ya mipango ikipata ombi la kitu kinachoweza kuvuta ndege ndani ya kilomita 13 za uwanja, iwe machimbo, dampo, bwawa au hifadhi ya maji, inalazimika kuiuliza kwanza Wizara ya Ulinzi. Sababu yake inaeleweka. Eropleni ya abiria inakuwa chini wakati wa kuruka na kutua tu, lakini za kivita zinafanya mazoezi ya kupita chini makusudi. Kule Uingereza kwa kawaida zinaruhusiwa kushuka hadi futi 250, kama mita 76 hivi kutoka ardhini, na baadhi, kama Hawk za kufundishia marubani, zina injini moja tu. Injini hiyo ikimmeza ndege, ya akiba haipo. Tena mwendo ukizidi mara mbili, nguvu ya pigo inazidi mara nne.

Mjomba wangu, ambaye ndiye mwenye shimo kwa hati, alicheka. "Mwanangu, ndege wa kilo moja aiangushe eropleni?" Mama yule hakubishana naye. Alimimina chai, akamsimulia Kinloss, Scotland, Novemba 1980: Nimrod ya jeshi la anga la Uingereza iliruka, ikaingia kwenye kundi la ndege, injini zikafa, ikaanguka msituni. Marubani wawili walifariki, wenzao 18 wakapona. Kisha akamleta karibu zaidi, Bahir Dar, Ethiopia, Septemba 1988: Boeing 737 ya abiria ilikutana na kundi la njiwa ikiwa inaruka, injini zote mbili zikaharibika, watu 35 kati ya 104 wakapoteza maisha. Njiwa, jamani, jamaa ya hawa tunaowafuga vibarazani. Mjomba aliacha kucheka, akauliza bei.

Sasa nije kwenye kilichonifanya nione fedha yetu haikupotea. Mchoro wa kuliacha shimo baada ya uchimbaji tulikuwa nao tayari, umechorwa na mtu mwingine, na kila aliyeuona aliupenda. Bwawa la samaki, kingo zimelala polepole ili ng'ombe washuke kunywa, katikati kisiwa chenye miti, pembeni nyasi fupi. Mama Kunguru aliutazama kwa dakika moja, akatoa kalamu nyekundu. Kisiwa kikaenda, maana ndege wanalala na kutaga pale ambapo paka na mtoto hawafiki. Kingo za kulala zikaenda, maana maji ya kifundo cha mguu ndiyo sahani ya yangeyange na vitwitwi, wale ndege wadogo wa pwani wanaodokoa topeni. Nyasi fupi kandokando ya maji nazo zikaenda, bata hupenda kutoka majini na kula wakiona mbali. Kila kilichoupendezesha mchoro ule kilikuwa mwaliko.

Alichoweka badala yake hakipendezi machoni, lakini kina akili. Kifusi chetu wenyewe, yale mawe mabovu tunayolipia dizeli kuyasogeza huku na huku, kinarudi shimoni awamu kwa awamu, upande mmoja unachimbwa na mwingine unajazwa, ili lisiwepo hata mara moja shimo kubwa lililo wazi linalosubiri masika. Juu yake, udongo wenye mteremko wa kutoa maji, halafu mkonge. Tanga hii mkonge si jambo la kufundishwa mtu, na ndege hana cha kula wala pa kujikusanyia kwa wingi humo. Maji tunabaki nayo kidogo ya kumwagilia vumbi la kresha, mashine ya kusaga mawe, kwenye kishimo kimoja chembamba, chenye kina kirefu na kuta zilizosimama wima. Hapo nilimbana: kuta za wima ni hatari kwa watoto, na watoto wa huku wakiona maji wanaruka. Akaongeza uzio, lakini kurasa za uzio ni nyepesi kuliko zote kwenye ripoti, na sisi ndio tutakaojibu siku mtoto akizama. Nyota moja imeshukia hapo.

Alinifurahisha zaidi kwa habari ya bahari. Kampuni ilitaka kumleta siku zilizokuwa rahisi kwao kwa usafiri. Yeye aliuliza kwanza bamvua ni lini. Wavuvi wa Sahare wanajua: maji yakijaa sana, tope lote la ghuba linafunikwa, na vitwitwi waliokuwa wakidokoa humo hawana pa kusimama, wanaruka kutafuta pa kupumzikia hadi maji yapwe. Wakikuta dimbwi tulivu bara kidogo, wanatua hapo. Kwa hiyo swali lake halikuwa tu tuko kilomita ngapi kutoka uwanjani. Alitaka kujua mstari wa ndege kati ya pa kulia na pa kulala unaikata njia ya eropleni au hauikati, na kwa urefu gani. Unaweza kuwa na shimo mbali na uwanja likaleta hatari kuliko la jirani, kwa sababu tu bahari iko upande mmoja wa njia ya eropleni kutua na maji yako yako upande wa pili. Alikaa juu ya lundo la kifusi na darubini tangu alfajiri, maji ya bamvua yakijaa na yakipwa. Kazi ile huwezi kuifanyia ofisini.

Na kunguru? Hao aliwakuta kwa mama lishe wetu, chini ya mwembe. Kunguru hawa weusi wenye shingo ya kijivu waliletwa Zanzibar miaka ya 1890, wakavuka, na sasa pwani nzima ni yao. Mpango unataka mapipa yenye vifuniko na mabaki yaondolewe kila siku kabla ya jioni. Mama lishe alinuna: "Kunguru nimewaleta mie?" Tulimnunulia mapipa sisi, yakaisha.

Kuhusu mizinga ya gesi ya kutishia ndege kwa mlio, ambayo mjomba alikuwa ameshaipenda, Mama Kunguru alisema ni ya mwisho, tena kwa tahadhari. Kunguru anaizoea upesi. Baya zaidi, ukiliamsha kundi zima bila kuwasiliana na mnara wa kuongozea eropleni, unaweza kulirusha moja kwa moja mbele ya Caravan, eropleni ndogo ya abiria, inayotua. Kwa hiyo kwenye mpango kuna namba ya kupiga kwanza, na hakuna anayefyatua kitu kabla ya kujibiwa. Kipengele hiki nyapara wetu alikishika kuliko vyote.

Mabaya sasa. Rasimu ya kwanza ilikuwa na orodha ya ndege iliyochotwa kwenye kazi za ofisini kwao za zamani, na humo namba mbili alikuwemo batabukini wa Kanada. Huku Kiomoni! Wakati huo huo popo hawakuandikwa hata kwa bahati mbaya, na mapango ya Amboni yako pua na mdomo na sisi. Jioni wanatoka kwa wingi kuelekea kwenye matunda. Nyapara ndiye aliyeuliza, "Na popo je?" Mama mwenyewe aliona aibu, maana yeye hakuiandika orodha ile, na toleo la pili lilinyooka. Lakini kama tusingesoma, ingepita.

Jambo jingine, ripoti ililetwa kwa Kiingereza kitupu. Watakaoutekeleza mpango ni dereva wa eskaveta, nyapara na mama lishe. Niligoma kulipa awamu ya mwisho hadi nikapewa kurasa chache za Kiswahili za kubandika ofisini, na zilipokuja zilikuwa nzuri kuliko ripoti.

Bei si ndogo. Mwenye shimo la kuchimba kwa nyundo na mtalimbo asijisumbue, aanze na takataka na madimbwi yake. Lakini mwenye kresha, anayeomba kupanua, na hasa aliye jirani na uwanja wowote, wa raia au wa jeshi, awaite kabla ya kulipua jiwe la kwanza, maana kifusi kikishauzwa barabarani hakuna cha kujazia tena.

Ukisaini nao, hakikisha mkataba unataja ziara mbili kila mwaka, moja iwe masika na nyingine wakati wa kaskazi, vitwitwi wa Ulaya wanapokuwa huku. Wetu ulitaja "ufuatiliaji" tu, bila tarehe wala bei, na sasa ndiyo tunayovutana nayo kwa simu.