Shopaholic Ties the Knot: harusi mbili, na bibi harusi asiyefungua mdomo

Becky Bloomwood ana jambo moja tu la kusema. Mama yake anamwandalia harusi nyumbani Oxshott, katika mkoa wa Surrey, Uingereza. Elinor, mama wa mchumba wake Luke, anamwandalia nyingine katika hoteli ya Plaza, New York. Zote mbili ni tarehe 22 Juni. Halisemi. Miezi inapita, keki zinachaguliwa, kadi zinachapishwa, na riwaya hii ya tatu katika mfululizo wa Sophie Kinsella inazidi kuulalia ukimya huo hadi unapoanza kulia kama kitanda kibovu.

Mwanzoni ukimya una sababu, na sababu yenyewe ni nzuri. Elinor alimwacha Luke akiwa mtoto akaenda kuishi Marekani. Aliyemlea ni mama wa kambo, Annabel. Sasa kwa mara ya kwanza Elinor anaonekana kumfanyia mwanawe jambo. Becky akiivunja harusi ya Plaza, atakuwa amemvunja moyo Luke. Akiivunja ya Oxshott, atakuwa amemvunja moyo mama aliyeisubiri siku hiyo tangu binti azaliwe. Hapo mtu mzima yeyote angesitasita. Kwa wiki moja. Labda mbili.

Kasoro inaanza wiki ya tatu. Kinsella anakawia kuleta kizuizi cha kweli, yaani kipengele cha mkataba kinachotoza faini nzito sherehe ikivunjwa. Kipengele hicho kingetokea mapema, Becky angekuwa amenaswa na sisi tungekuwa upande wake. Kinapotokea, ameshakuwa na nafasi nyingi za kunyanyua simu, na kila nafasi ameikimbia kwa kujiambia kwamba mambo yatajipanga yenyewe. Kwa hiyo faini inasomeka kama kisingizio kilicholetwa baada ya kosa.

Halafu kuna hesabu ya watu. Siri ya mtu mmoja inabebeka. Siri hii inadai wazazi wa upande mmoja na mama wa upande wa pili wasiwasiliane hata mara moja, na wageni walioalikwa pande zote mbili za bahari wasitajiane ukumbi. Harusi ndiyo shughuli inayotangazwa kuliko zote. Kamati ya harusi ya Dar es Salaam ingeinusa kabla kikao cha pili hakijafungwa, maana mweka hazina angeuliza michango ya upande wa pili inaingia wapi.

Ninachokilalamikia hasa ni utoto wa Becky. Katika kitabu cha kwanza, kilichotoka mwaka 2000, anaandika makala za kuwafundisha wengine kuweka akiba huku akiikimbia benki yake kwa visingizio vya kila namna. Kichekesho kile kilifanya kazi kwa sababu aibu ya deni inaeleweka, na mwishoni alionekana amejifunza kitu. Hapa mtindo ni uleule: ficha, ahirisha, ombea muujiza. Sasa ana kazi ya kuwasaidia wateja kuchagua nguo katika duka la Barneys na anakaribia kuolewa, lakini akili imerudishwa sifuri ili njama ipate pa kuanzia. Mfululizo umefika vitabu tisa, na dawa hii imetumika tena na tena.

Sintofahamu yenyewe si dhambi. Katika Pride and Prejudice ya Jane Austen, ya mwaka 1813, Elizabeth anamhukumu Darcy kwa uongo wa Wickham, mtu mwenye sababu ya kusema uongo na haiba ya kuaminiwa. Barua ya Darcy inaufichua katika sura ya 35, na sura zote ni 61. Angalia kipimo hicho: ukweli unatoka katikati, kisha sehemu iliyobaki inahusu Elizabeth anaufanyia nini. Kinsella anaubana hadi mwishoni, hivyo Becky hana muda wa kukua hata kama angetaka.

Ukiwa dukani na riwaya ya aina hii mkononi, soma maelezo ya jalada la nyuma, kisha jiulize: simu ya dakika mbili ingemaliza hadithi? Kama ndiyo, pekua kurasa hamsini za mwanzo umtafute mtu anayefaidika simu hiyo isipopigwa. Ukimkosa, jiandae kwa milango inayofungwa ghafla, ujumbe usiosomwa na mazungumzo yanayokatizwa kila mtu anapotaka kusema "subiri, nikueleze".

Kwa haki, kitabu kinachekesha. Barua zinazopachikwa katikati ya sura ni tamu, Danny mbunifu wa mavazi anaiba kila ukurasa anaotokea, na sehemu za Luke na mama yake zina uchungu wa kweli ambao ungestahili nafasi kubwa zaidi. Namna Becky anavyojinasua siifichui. Ni ujanja mzuri, na ungekuwa mzuri zaidi ungefanyika kurasa mia moja kabla.

Nyota mbili na nusu kati ya tano. Asiyemjua Becky aanze na kile cha kwanza, na hiki akiazime tu.