Uzoefu wangu na fizio (mtaalamu wa tiba ya viungo) wa nyumbani kwa mama aliekuwa anaanguka anguka (miezi minne sasa)

Wakati mama anaumwa nilitafuta sana maelezo ya mtu aliyepitia haya nikakosa, kwahiyo acha niandike yetu, huenda ikamsaidia mwenye mzee ndani.

Mama ana miaka 76, anakaa Tanga na mdogo wangu wa kike. Mwaka jana alianguka mara tatu ndani ya miezi mitano. Ya kwanza bafuni, maji ya sabuni kwenye taili na ndala zimelika soli. Ya pili usiku anaenda chooni umeme umekatika. Ya tatu ndo ilonitisha kwasababu hamna alichoteleza, alikuwa anainuka tu kwenye kibao cha mbuzi jikoni miguu ikagoma, akaenda chini na nazi yake mkononi. Alhamdulillah hakuvunjika, ila paja lote lilivia damu na mkono wiki mbili haunyanyuki.

Sasa sisi tukafanya wanachofanya watu wote, tukamkalisha. Mama usiingie jikoni, mama acha nitafua mimi, mama ngoja nikuletee maji. Na mwenyewe hofu ilishamuingia, akaacha harusi, akaacha hata kwenda msibani nyumba ya tatu tu. Baada ya miezi miwili akawa hainuki kwenye kochi mpaka avutwe mikono, na sisi tukawa tunasema ndo uzee huo. Kumbe tulikuwa tunamuua miguu wenyewe kwa huruma yetu. Hili linaniuma mpaka leo.

Mwanzo tulimpeleka kliniki moja ya tiba ya viungo, jina silitaji, mara sita. Kila siku ni kulala kitandani, taa ya joto, kukandwa mgongo, rudi nyumbani. Alikuwa anapata nafuu ya maumivu kweli, ila mara zote sita hamna hata mmoja aliemwambia bibi hebu simama tukuone unavyotembea.

Huyu wa pili tulielekezwa na jirani ambae ni nesi. Anakuja nyumbani, elfu 25 kila akija. Siku ya kwanza alimwamkia shikamoo bibi, akakaa, akaanza kuuliza: umeanguka mara ngapi, ulikuwa unafanya nini, unatumia dawa gani, macho umepima lini. Akampima presha amelala alafu akampima tena amesimama, ikawa inashuka akisimama, akatuandikia tumpelekee daktari wake na akasisitiza tusije tukapunguza dawa wenyewe. Alafu akaweka kiti ukumbini, akapima mita 3 akaweka alama ya chaki, akamwambia mama inuka, tembea kawaida mpaka kwenye chaki, geuka, rudi ukae. Mama alitumia sekunde 22. Akasema ikifika 12 kwenda juu mtu anahesabiwa yuko kwenye hatari ya kuanguka.

Mazoezi yenyewe ukiyaona utasema mbona haya hata mtoto anafanya. Kusimama na kukaa kwenye kiti bila kushika, kusimama kwa vidole umeshika ukingo wa sinki, kutembea kisigino kinagusa vidole kwa kufuata mstari wa taili wa koridoni, kuinua mguu pembeni. Uzito wa miguuni hatukununua, mdogo wangu alishona vifuko viwili kwa kipande cha kanga akajaza mchanga kilo moja moja, mama anafungwa kwenye kifundo. Nusu saa, mara tatu kwa wiki, na siku zingine kutembea. Alituambia mpangilio huu ulitengenezwa Chuo Kikuu cha Otago kule New Zealand kwa ajili ya wazee wanaoishi majumbani kwao. Mi sikuridhika nikaenda kusoma mwenyewe, nikakuta mapitio ya mwaka 2019 yaliyokusanya tafiti 108, mazoezi yanapunguza kuanguka kwa karibu robo, hasa haya ya balansi na ya kuinuka na kukaa, kutembea peke yake hakujathibitika. Na sisi tulikuwa tunamwambia mama azunguke uani basi imetosha!

Kitu nilichokipenda kuliko vyote alimfundisha kuinuka akianguka. Alimshusha kwenye mkeka taratibu, akamwonyesha kugeukia ubavu, kupiga magoti na mikono, kutambaa mpaka kwenye kiti, kuweka mguu wenye nguvu mbele ndo asukume. Mama alilia siku ile, akasema kinachomtisha ni kuanguka peke yake na kubaki pale chini asisikike na mtu.

Mapungufu yapo. Anachelewa, akisema saa nne andaa saa tano na nusu. Wiki mbili za kwanza mapaja yalimuuma mama akataka kuacha, na fizio hakutuonya kabla. Alafu ukweli ni kwamba kazi yote ni ya mtu wa nyumbani, yeye sasa hivi anakuja mara mbili tu kwa mwezi kuongeza ugumu, bila mdogo wangu kusimama nae pale pembeni pesa ingeenda bure. Ramadhani walikuwa wanafanya baada ya futari, walipunguza ila hawakuacha. Bafuni fundi alifunga bomba la kushikilia, ndala zikatupwa tukanunua sendozi za kamba nyuma, na taa ya kuchaji iko koridoni usiku kucha.

Juzi amepimwa tena, sekunde 14. Bado hajashuka chini ya ile 12 kwahiyo tunaendelea. Toka tuanze hajaanguka, alijikwaa mara moja kwenye kizingiti akajidaka mwenyewe. Alikuwa anasali kwenye kiti karibu mwaka mzima, sasa hivi anasali chini kwenye mswala, akitoka sijida anaweka kiganja kimoja chini anainuka. Na nazi anakuna, ila kibao tumemwekea karibu na ukuta.