Tahadhari: usilipie pampu ya mafuta kabla relei na nyaya zake hazijapimwa

Gari la petroli likigoma kuwaka, au likizima njiani kisha likakubali baada ya kupoa, neno la kwanza utakaloambiwa ni "pampu imekufa". Anayelisema mara nyingi ndiye huyo huyo mwenye pampu ya kukuuzia, na hapo ndipo watu wengi wanapoliwa pesa.

Mchezo wenyewe unakwenda hivi. Kiti cha nyuma kinafunguliwa, soketi iliyo juu ya tangi inachomolewa na kuchomekwa tena, tangi linagongwa mara mbili tatu, gari linawaka. Unaambiwa, "Umeona? Pampu imechoka." Kweli, gari kuwaka baada ya tangi kugongwa ni dalili halisi ya pampu iliyoisha brashi (vipande vya kaboni vinavyopeleka umeme kwenye mota yake), na ndiyo maana hata wanaojua magari wananaswa. Lakini amefanya mambo mawili na kukuonyesha moja tu. Soketi ilipochomolewa na kurudishwa, ukungu wa kijani uliokuwa kwenye pini ulikwanguka na umeme ukapita. Utalipia pampu mpya, gari litatembea siku kadhaa, halafu tatizo litarudi lile lile, maana ugonjwa haukuwa kwenye pampu.

Njia ya pili ya kukudanganya ni mita. Soketi ya pampu inachomolewa, mita inawekwa, inasoma volti 12. "Umeme upo, pampu ndiyo mbovu." Kipimo hicho hakithibitishi chochote. Mita haivuti umeme wa maana, kwa hiyo waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba nao utaonyesha volti 12 zilizonyooka. Pampu nyingi za ndani ya tangi huvuta kama ampea 4 hadi 8, na udhaifu wa waya huonekana pale tu umeme wa kiasi hicho unapopita. Mwambie aweke mzigo: balbu ya taa kubwa ya wati 55 inavuta karibu ampea 4.5, jirani kabisa na pampu. Ikiwaka kwa mwanga hafifu, waya, relei (swichi ya umeme inayoiwasha pampu) au ethi (njia ya hasi inayofungwa kwenye bodi ya gari) ndiyo yenye kosa.

Kipimo bora zaidi ni pampu ikiwa imechomekwa na inazunguka, ncha za mita zikiingizwa kwa nyuma ya soketi. Pima kati ya chanya ya betri na waya wa chanya wa pampu: ikizidi nusu volti, kuna kitu kinakula umeme njiani. Kisha pima kati ya hasi ya betri na waya wa ethi wa pampu: ikizidi volti 0.2, fuata ethi mpaka ilipofungwa kwenye bodi, ukwangue rangi na kutu, ufunge upya. Ethi husahauliwa sana, na inaua pampu nyingi ambazo hazikuwa na kosa.

Kwa kawaida ukifungua swichi bila kupiga starta, pampu huvuma sekunde 2 au 3 kisha hunyamaza. Muda huo ni mfupi mno kwa kupimia. Chomoa relei, uunganishe tundu la 30 na la 87 (ndimo umeme wa pampu unamopita; namba zimeandikwa kwenye relei) kwa kipande cha waya chenye fyuzi ya ampea 15 katikati. Pampu ikivuma hapo, basi pampu si mfu, na kosa liko kwenye relei au kwenye amri inayoiwasha. Usiendeshe gari likiwa na waya huo. Relei ipo pia ili ikate mafuta injini inapozima, hasa baada ya ajali. Na magari mapya kadhaa huendesha pampu kwa moduli yenye kubadilisha kasi badala ya relei ya kawaida. Hayo usiyaunganishe hivi kabla ya kuona mchoro wake wa umeme.

Relei isipobofya, angalia matundu ya 85 na 86, yanayolisha koili inayoivuta relei: moja lipate chanya, jingine lipate ethi kutoka kompyuta ya gari. Ethi isipokuja wakati starta inazunguka, hata ufunge pampu kumi hazitavuma. Tafuta kosa kwenye sensa ya kranki (inayoiambia kompyuta kuwa injini inazunguka) au kwenye kizuia wizi.

Sasa relei zenyewe, maana humu feki zimejaa. Kifuniko kimeandikwa ampea 40, ndani kuna kontakti (ncha zinazogusana kupitisha umeme) ndogo ya kubebea taa ya ndani tu. Inabofya vizuri, inafanya kazi wiki ya kwanza, kisha kontakti inaungua na kuweka ukinzani. Hesabu yake ni rahisi: ukinzani wa nusu omu tu kwa ampea 6 unakula volti 3 na kutoa joto la wati 18 mahali padogo kuliko ukucha. Gari litawaka na kutulia vizuri, ila kwenye mlima litakosa nguvu, kwa sababu pampu inapata volti kama 10.5 wakati alternata inatoa 13.5. Hapo muuzaji anarudi tena na wimbo wa pampu.

Chomoa relei uitazame chini. Pini pana huwa na upana wa milimita 6.3 na unene wa 0.8, zikiwa nyembamba hazibani kwenye soketi, na kucheza kwake ndiko kunakoanzisha joto. Gusa ncha za pini kwa sumaku ndogo: zikinasa, ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba au fedha. Mwili wa relei utanasa kwa vyovyote kwa ajili ya kiini cha koili, kwa hiyo angalia ncha tu. Pima koili kati ya 85 na 86: nyingi za volti 12 husoma kati ya omu 50 na 120. Tazama pia plastiki inayozunguka pini ya 30 na ya 87. Ikiwa ya kahawia au imevimba, soketi nayo imeungua, na relei mpya ikiwekwa humo humo itaungua vile vile. Badilisha na terminali zake.

Jihadhari na relei zinazofanana umbo lakini 30 na 86 zimebadilishana nafasi. Soma mchoro ulio ubavuni, usimwamini muuzaji anayesema "zote ni sawa". Kama relei ya honi ina namba ile ile, ihamishie kwa muda. Ni kipimo cha bure.

Pampu ikibadilishwa, dai ya zamani urudishiwe mkononi kabla ya kulipa. Pima kati ya pini zake mbili: omu chache ni ishara kuwa koili haijakatika, mita isiposoma chochote, kama vile ncha zake hazijagusa kitu, koili imekatika au brashi zimeisha. Omu nzuri hazithibitishi kuwa inasukuma shinikizo la kutosha. Hilo huthibitishwa na geji ya shinikizo ikiwa imefungwa kwenye gari. Usiiunganishe na betri mezani ili "uone kama inazunguka", kwa sababu bado ina petroli ndani, na cheche moja ya klipu inatosha.