Huduma ya kaunta katika kituo kimoja cha polisi viungani mwa Malindi

Huduma ya kaunta katika kituo hiki, ambacho sitakitaja jina kwa kuwa lawama zingewaangukia maafisa wa chini, ni bora kuliko tulivyozoea. Aliyepotelewa na kitambulisho hupokelewa kwa salamu, huelezwa utaratibu, na huondoka na abstrakti, yaani hati ya polisi ya kuthibitisha upotevu, bila kudokezewa habari ya chai. Mkataba wa huduma uliotundikwa ukutani unasema wazi kwamba fomu ya P3, ambayo daktari huijaza kuhusu majeraha ya aliyeshambuliwa, na dhamana ya polisi hazilipiwi.

Mambo hubadilika pale mlalamikiwa anapokuwa afisa mwenzao. Nilimsindikiza jirani yangu, mwendesha bodaboda aliyepigwa rungu kwenye kizuizi cha barabarani, na afande kijana aliyetupokea alisikiliza kwa upole hadi jina la mpigaji lilipotajwa, hapo akaweka kalamu chini, akasema, "Wazee wangu, tumngojeeni mkubwa kwanza." Sikumwona kuwa mtu mbaya. Anaishi nyumba za polisi, mlango kwa mlango na yule anayetakiwa kumwandika, na zamu zake, likizo yake na uhamisho wake vimo mikononi mwa wakubwa walewale. Mkubwa alipofika, malalamiko yaliandikwa kwenye kitabu cha matukio (OB) na nambari ya OB tukapewa, ila P3 ilibidi tuiombe tena.

Kulindana huku kunaumiza zaidi hapa Malindi, maana watu hawajasahau Shakahola, msitu ambamo wafuasi wa mhubiri mmoja walifunga kula hadi kufa, ambako zaidi ya miili 400 ilifukuliwa kuanzia Aprili 2023, na ambako Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya iliwalaumu maafisa wa usalama wa Malindi kwa kuzembea licha ya kupewa taarifa. Ukarimu wa kaunta naushukuru, lakini imani iliyopotea kwa namna hiyo hairudi kwa salamu.

Wala hakuna aliyetueleza habari za IPOA, mamlaka huru iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011 ili polisi wasijichunguze wenyewe, ambayo hupokea malalamiko bila malipo na ina ofisi Mombasa, kilomita 120 hivi kutoka hapa.

Kwa stakabadhi zilizopotea nakipa kituo nyota nne kati ya tano. Kwa malalamiko dhidi ya afisa, mbili. Mwenye shauri la aina hii ya pili aende na shahidi, na asiondoke kaunta kabla ya kusomewa yaliyoandikwa na kupewa nambari ya OB.