Uzoefu wangu: Nairobi na Diani kwa SGR, ukiwa na watoto

Wengi wakisimulia likizo ya Nairobi na Pwani huanza na hoteli. Mimi hoteli naiweka mwisho, kwa sababu kinachoitengeneza au kuiharibu safari hii ni ratiba mbili: ya treni na ya maji ya bahari. Panga tarehe zako kwa hizo mbili kwanza, ndipo ulipie kitanda.

Treni ya Madaraka Express: 4 kati ya 5

Hii ni treni ya SGR, reli mpya kati ya Nairobi na Mombasa. Kila upande kuna treni tatu kwa siku. Ya saa mbili asubuhi husimama njiani: Athi River, Emali, Kibwezi, Mtito Andei, Voi, Miasenyi na Mariakani. Ya saa tisa alasiri ni ya moja kwa moja, na ya saa nne usiku huwashusha watu kabla ya alfajiri. Hiyo ya usiku isahau kama una mtoto mdogo. Utateremka Miritini, stesheni ya Mombasa, na mtu amelala begani, masanduku mkononi, na hoteli haitoi chumba hadi mchana.

Pendekezo langu ni kwenda na ya asubuhi na kurudi na ya saa tisa. Ya asubuhi huchukua kama saa sita na hufika mchana, kwa hiyo mnaingia Diani, ufuoni kusini mwa Mombasa, jua bado lipo. Ubaya wake ni kwamba mnapita mbuga ya Tsavo kukiwa na joto kali na wanyama wengi wamejificha kivulini. Wakati wa kurudi ni kinyume chake: mnavuka Tsavo kwenye jua la jioni, ndovu wametoka, na kufika Nairobi usiku si tatizo kubwa kama kufika Pwani usiku mkitafuta hoteli. Reli imeinuliwa juu ya tuta na ina mapito ya wanyama chini yake, kwa hiyo mnatazama mbali kutoka juu. Ndovu wa Tsavo wana rangi ya udongo mwekundu wanaojipaka, na mtoto asiyejua hilo atawapita akidhani ni vichuguu.

Kaeni upande wa kulia, kwenda na kurudi. Asubuhi mkielekea Mombasa jua hupiga kushoto, na kulia ndiko iliko milima ya Chyulu, na Kilimanjaro pia kama hakuna mawingu. Alasiri mkirudi jua hupiga kushoto vilevile, huku kulia mkiwa na Tsavo Mashariki.

Nauli tangu Januari 2024 ni shilingi 1,500 kwa daraja la kawaida na 4,500 kwa daraja la kwanza. Mtoto wa miaka 3 hadi 11 hulipa nusu, chini ya hapo ni bure lakini hana kiti. Wazazi wawili na watoto wawili wa nusu nauli watatumia 4,500 kwa daraja la kawaida, yaani bei ya mtu mzima mmoja wa daraja la kwanza. Kwa familia sioni sababu ya kulipa mara tatu. Daraja la kawaida viti vimepangwa vitatu upande mmoja na viwili upande wa pili, vinatazamana na kuna kijimeza katikati. Familia ya watu watano au sita inapata kibanda chake. Kasoro ni kwamba viti haviegemei nyuma, magoti yanagongana, na nusu ya abiria husafiri kinyumenyume. Mwenye kichefuchefu mpe kiti kinachotazama mbele.

Nunueni tikiti zote kwa mkupuo mmoja ili viti vifuatane. Unaweza kununua kwenye tovuti au kwa kubonyeza *639#, na malipo ni M-Pesa. Mgeni asiye na laini ya Kenya aombe mwenyeji amlipie mapema, maana wikendi ndefu na likizo za shule tikiti huisha siku nyingi kabla. Andika jina na nambari ya kitambulisho au pasipoti kama vilivyo. Tarakimu ikikosewa ndipo mnaanza kutumwa dirisha hili na lile.

Stesheni ya Nairobi iko Syokimau, si katikati ya mji, na barabara ya Mombasa asubuhi haina huruma. Barabara ya juu ya kulipia, ile ya kutoka Westlands hadi Mlolongo, ndiyo dawa. Fikeni saa nzima kabla. Mizigo yote huwekwa chini kwa mstari, abiria wanarudi nyuma, mbwa anapitishwa kunusa, kisha mnaingia kwenye mashine ya ukaguzi, kisha kitambulisho, tikiti, na ukaguzi mwingine. Mtoto anayeogopa mbwa mwandae mapema. Kisu cha matunda na pombe vitabaki hapo mlangoni. Chakula cha kawaida kinaruhusiwa, na ni heri mbebe: toroli la vitafunio hupita, ila bei yake si ya kioski, na kwa kulipa kwa simu mtandao hukatikakatika mkishaingia Tsavo.

Nairobi: 4 kati ya 5, ukianza mapema

Mitaa ya Karen na Lang'ata itengeeni siku moja, na mpangilio uwe huu. Saa tatu kamili asubuhi muwe mlangoni Giraffe Centre. Twiga wakati huo wana njaa. Ikifika alasiri wameshiba, wanageuza shingo, na watoto wanabaki wameshika chakula hewani. Mnapewa vidonge vya kulishia kwa kiasi, basi mfundishe mtoto kushika kimoja kimoja kwa kiganja kilicho wazi. Asisimame uso kwa uso na twiga. Akae ubavu, kwa sababu twiga chakula kikiisha hugonga kwa kichwa, na kichwa kile ni kizito. Hawa ni twiga wa Rothschild, na utawajua kwa miguu myeupe kuanzia magotini kwenda chini.

Kutoka hapo nendeni kwa ndovu yatima wanaolelewa kwenye kituo cha Sheldrick. Wanaonyeshwa saa moja tu kwa siku, saa tano hadi saa sita mchana, na lazima uweke nafasi mapema. Ukienda bila nafasi utarudishwa getini. Mnasimama kuzunguka kamba, ndovu wadogo wanakuja mbio kunyonya chupa za maziwa, halafu wanaingia topeni. Kivuli ni haba, kwa hiyo kofia ni lazima, na mwenye nguo nyeupe shauri yake. Ndovu hao wakikua hupelekwa vituo vya Tsavo na hatimaye kuachiwa porini. Waambie watoto hilo, maana kesho yake treni itapita huko huko.

Mbuga ya Taifa ya Nairobi yenyewe, kilomita za mraba 117, inahitaji asubuhi nyingine. Geti linafunguliwa saa kumi na mbili, na simba na kifaru huonekana vizuri kabla ya saa tatu. Usiwaahidi watoto ndovu humo ndani, hawamo. Malipo ni kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, pesa taslimu hazipokelewi, na raia wa Afrika Mashariki wana kiwango chao, basi vitambulisho viwe mkononi. Chupa za plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika mbuga na fukwe zilizohifadhiwa tangu Juni 2020, kwa hiyo kila mtoto awe na chupa yake ya kujazia. Mifuko ya nailoni nayo iliharamishwa nchi nzima mwaka 2017, na mgeni anayevuka mpaka aitoe kwenye sanduku kabla. Wenye watoto wasiovumilia kukaa garini saa nne waende Safari Walk, kwenye geti kuu la barabara ya Lang'ata. Ni njia ya kutembea kwa miguu, na mnamaliza kwa saa mbili bila kukimbia.

Mvua ikinyesha kuna makumbusho mawili. Makumbusho ya Taifa yana mifupa ya mvulana wa Turkana, binadamu wa kale aliyechimbuliwa Nariokotome mwaka 1984, na uani kuna sanamu ya Ahmed, yule ndovu wa Marsabit aliyelindwa kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta. Makumbusho ya Reli yako karibu na stesheni ya zamani. Ni madogo na watu huyapita, lakini kwa familia inayopanda treni kesho yake ndiyo naona yanafaa zaidi. Humo kuna behewa ambalo simba alimvuta afisa wa polisi Charles Ryall akiwa amelala, kwenye stesheni ya Kima, mwaka 1900. Watoto wa miaka minane kwenda juu huganda kwenye behewa lile. Wadogo zaidi msiwasimulie usiku.

Julai na Agosti Nairobi ni baridi, hasa asubuhi. Sweta ziwe juu ya sanduku, si chini ya mavazi ya kuogelea.

Miritini hadi Diani

Hapa ndipo pesa huvuja. Stesheni ya Mombasa iko bara, nje ya kisiwa, na Diani iko ng'ambo ya kusini. Zamani ilikuwa lazima uingie kisiwani na kuvuka kwa feri ya Likoni. Siku hizi barabara ya Dongo Kundu inazunguka na kutokea kusini bila feri. Ukikodi gari mwambie dereva kabla ya kupakia mizigo kwamba mnapita Dongo Kundu, na bei ni ya gari zima, si ya kila kichwa. Mkishaketi ndani, maelewano yamekwisha. Wenye mzigo mwepesi wanaweza kuchukua matatu hadi mjini, kuvuka feri kwa miguu bila malipo, kupanda matatu ya Ukunda upande wa Likoni, kisha tuktuk hadi ufuoni. Gharama yake ni ndogo sana, ila kuanzia saa kumi na moja jioni feri hufurika. Mtoto mkamateni mkono, si nguo.

Diani: 5 kati ya 5 kwa mwenye kujua maji

Lalamiko ninalolisikia sana ni hili: "Tulilipia bahari, tukakuta hakuna maji." Maji yalikuwepo, ila yalikuwa yamekupwa, yaani yamerudi nyuma. Wakati wa bamvua, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita tatu, na maji hurudi hadi karibu na mwamba wa matumbawe. Saa sita baadaye mchanga wote unaweza kuwa umefunikwa hadi ukutani kwa hoteli.

Kanuni ya wavuvi ni nyepesi. Siku za bamvua maji hupwa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi jioni. Siku za maji mafu, wiki moja baadaye, mambo hugeuka: hujaa saa nne asubuhi na kupwa saa kumi, na tofauti ni ndogo. Kila siku saa husogea mbele kama dakika hamsini. Kwa hiyo tazama mwezi kabla ya kuchagua wiki. Mwenye watoto wachanga wa kuchezea mchangani achague maji mafu. Mwenye watoto wakubwa wanaotaka kutembea kwenye vidimbwi na kuona viti vya pweza, wale wenye umbo la nyota, na samaki wadogo achague bamvua: asubuhi mnatembea, jioni mnaogelea.

Kwenye kutembea huko viatu ni lazima, vya raba, vinavyofunga kisigino. Ndara huchukuliwa na maji. Hatari si papa, ni nungu wa baharini, ile miiba mirefu myeusi kwenye mashimo ya mwamba. Ikiingia mguuni usichokonoe kwa sindano, huvunjika ndani. Loweka mguu kwenye maji ya moto anayoyavumilia mtoto, na mwiba ukiwa karibu na kiungo nendeni zahanati. Geukeni kurudi mara tu maji yanapoanza kuingia. Mifereji nyuma yenu hujaa kwanza, na kilichokuwa kifundo cha mguu kinakuwa kiuno.

Kuhusu msimu, Desemba hadi Machi ni msimu wa upepo wa kaskazi: bahari tulivu, maji safi, joto kali, bei juu. Upepo wa kusi ukishika, kuanzia Aprili, bahari huchafuka na mwani hutupwa ufuoni. Safari ya mashua kwenda Kisite kutoka Shimoni, kuona pomboo na matumbawe, iwe ya msimu wa kaskazi. Chini ya miaka mitano siishauri kabisa, saa ni nyingi na jua ni la moja kwa moja.

Tumbili na kima wa Diani ni wezi wenye ujuzi. Mlango wa roshani ukiachwa wazi dakika moja, ndizi zimekwenda na pengine dawa za mtoto pia. Mbega, wale weusi wenye mabega meupe, hawana habari na chakula chenu. Watafuteni juu ya barabara, wanakovuka kwa ngazi za kamba zilizotundikwa ili wasigongwe na magari. Vijana wa ufuoni watawafuata na vinyago na mashua. Jibu "ahsante, leo hapana" huku ukitembea, na hapo wengi huachana nawe. Kombe na magamba ya konokono wa baharini msinunue, kuyatoa nchini bila kibali ni kosa.

Siku ya kurudi, mkiwa na treni ya saa tisa, kodi gari la asubuhi nzima ili mizigo ibaki ndani. Ondokeni Diani saa moja, piteni Likoni, ingieni Fort Jesus kabla jua halijawaka. Ngome hii ya Wareno ilianza kujengwa mwaka 1593, na kuta zake za matumbawe huchemka mchana. Kisha viazi karai na mabuyu Mji Mkongwe, na saa saba muwe mmeshatoka kisiwani. Foleni ya Changamwe haina saa maalumu, na treni haimngojei mtu.